Fundi Aliyesikiliza Indiketa

Kabla hajagusa kitu chochote kwenye gari, alikuwa anazima redio. Hakuuliza kama unasikiliza habari au mahubiri. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha kitufe, akasema, "Sasa washa indiketa ya kushoto," kisha akafumba macho.

Alikuwa anasikiliza flasha. Kwenye magari ya zamani flasha ni kikopo kidogo cha bati kilichojificha chini ya dashibodi, na ndicho kinachoifanya indiketa ikonyeze. Kikiwa kizima hulia kwa mwendo wa saa ya ukutani. Kikilia mbiombio, kuna taa moja upande huo haivuti moto. Kikinyamaza kabisa na taa ikawaka bila kukonyeza, hapo chenyewe kinashukiwa. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu siku ya kwanza hakunieleza lolote. Alisimama tu karibu na mlango wa gari, mzee mrefu mwenye shati la kijivu, macho yamefumbwa, na mimi nikajiuliza kama nimeleta gari kwa fundi au kwa mganga.

Kitengela ina mafundi wengi, lakini ukisema Fundi, bila kuongeza neno, watu wa upande wetu walijua unamsema yeye. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, karibu na anayeuza matangi ya maji. Alishughulika na umeme wa magari peke yake, na katika umeme alipenda taa, na katika taa alipenda indiketa. Ukimletea gari lisilowaka asubuhi atakutengenezea, lakini hutaona furaha yoyote usoni mwake. Mletee indiketa ya kulia inayowaka ukiwasha ya kushoto, utaona anakunja mikono ya shati taratibu, kama mtu aliyeandaliwa chakula akipendacho.

Gari langu lilikuwa la baba. Alilinunua kuukuu zamani, akalitumia kupeleka mboga sokoni, na miguu yake ilipochoka akanipa mimi funguo. Nafundisha hesabu katika chuo kimoja cha ufundi Kajiado, na kila asubuhi nashika barabara ya Namanga kutoka Kitengela, napita Isinya, nafika kazini kabla ya saa mbili. Ni barabara ya matrela. Wiki ile nilipokutana na Fundi mara ya kwanza, nilikuwa nimekata kulia kuingia lango la chuo, na trela lililokuwa nyuma yangu likanipita upande uleule wa kulia, karibu sana hadi kioo changu cha pembeni kikakunjwa. Dereva alisimama mbele, akarudi kwa miguu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, hukuonyesha." Nilikuwa nimeonyesha. Kigongo cha indiketa kilikuwa bado kimeshuka. Taa ndiyo iliyokataa.

Gereji mbili zilikuwa zimeshalishika gari hilo. Ya kwanza ilibadilisha balbu. Ya pili ilibadilisha flasha, kisha ikakata waya kadhaa na kuziunganisha upya, na baada ya hapo hata taa za breki zikaanza kukonyeza.

"Usiniambie ni nini imeharibika," Fundi alinikatiza nilipoanza kueleza. "Niambie umeona nini."

"Nimeona ya kulia nyuma haiwaki."

"Siku zote?"

Nikafikiri. "La. Ikinyesha haiwaki. Jua likiwaka kwa siku mbili tatu inarudi."

Akafumbua macho na kuniangalia kwa mara ya kwanza. "Sasa umesema kitu."

Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaifungua taa ya kulia, akachukua kifaa chake, balbu kuukuu iliyofungwa waya mbili, na kuigusisha huku na huku. Moto ulikuwa unafika. Haukuwa na njia ya kurudi. Ile skrubu inayoshika taa kwenye bodi ndiyo njia ya kurudia, na ilikuwa imeota kutu na kujaa vumbi la saruji linalopeperushwa kutoka upande wa Athi River. Akaifungua, akasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga. Ikakonyeza, na zile za breki zikatulia. Kazi yote haikufika robo saa, na nusu ya muda huo aliutumia kuwagombeza mafundi ambao hawakuwepo.

"Hawa watu wanakata waya kabla hawajauliza," alisema. "Waya ilikuwa imekosa nini?"

Nikawa mteja wake, na kadiri miaka ilivyokwenda nikawa naenda hata bila shida yoyote, napita tu jioni ya kurudi, nakaa juu ya kreti la soda na kumtazama. Aliniamkia kila mara kwa Kimaasai. "Takwenya, Mwalimu." Nikajibu "Iko," na hapo salamu ikaisha. Sikujua ukoo wake, wala sikuwahi kusikia akitaja mahali alipozaliwa, na kwa kweli hakuwa mtu wa kuulizwa. Lakini kuhusu kazi unaweza kumwuliza chochote, na mimi nina tabia ya kuuliza.

Nilimwuliza kwa nini anaanzia kwenye taa wakati wengine wanaanzia kwenye fyuzi. Akasema taa ndiyo inayolalamika, na ukitaka kujua mtoto analilia nini humwendei jirani. Nilimwuliza kwa nini anafunga mafundo kwenye waya, maana kila waya aliyoishughulikia aliifunga uzi wenye fundo moja, mawili au matatu. Akasema ni ya kumkumbusha. Nilimwuliza kwa nini anazihifadhi flasha zilizokufa. Akatoa kopo zima, akanifungulia moja kwa bisibisi, akanionyesha kile kijibati chembamba ndani kinachopata joto, kinapinda, kinaachia, kinapoa, kinarudi. "Hii imefanya hivi maisha yake yote," alisema. "Inashika, inaachia. Mpaka ikachoka." Aliishika kwa vidole viwili na kuitazama kwa muda kabla ya kuirudisha.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Waya iliyokatika ndani ya mpira wake angeitafuta nusu siku bila kunung'unika, lakini mteja akichelewa kujibu swali, alimwacha hapo na kwenda kunywa chai. Aliyacheka magari mapya, akisema yana akili nyingi na hayana adabu, huku ndani ya droo ana kile kifaa cha kusoma kompyuta za magari, kimefungwa ndani ya kitambaa safi, na alijua kukitumia vizuri. Alivua viatu kabla ya kuingia ndani ya gari la mtu, hata likiwa limejaa matope. Na hakujua kuendesha. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Miaka yote hiyo kwenye magari, na ikihitajika gari lisogezwe hatua tatu, alimwita mwenyewe. Jioni alitembea kwa miguu hadi nyumbani.

Nilimwuliza hilo pia. "Kila mtu na yake," alijibu, na nikaelewa kwamba hapo nimefika ukutani.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona bila kuyaona. Mashati yake yote yalikuwa ya kijivu, na watu walisema ni ubahili, wengine wakasema ni dini. Kwa mama wa mboga hakuchagua nyanya. Alisema tu, "Nichagulie zilizoiva," na kugeuka pembeni. Mimi niliona ni heshima, au uvivu wa wanaume.

Nilikuja kuelewa kwa njia mbaya, na makosa yalikuwa yangu.

Chuoni kwetu kulikuwa na mkufunzi kijana wa umeme wa magari, mwenye bidii, aliyejua vitabu vyake. Nilimsimulia habari za Fundi mara nyingi hadi akaniomba nimlete azungumze na wanafunzi. Fundi alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, nadhani kwa sababu nilimwambia kwamba wanafunzi wetu nao wanakata waya kabla ya kuuliza. Alikuja siku hiyo amevaa koti na kofia, na njia nzima kutoka Kitengela alikuwa akijikumbusha kwa sauti ndogo atakayosema.

Alianza vizuri sana. Aliwafumbisha wanafunzi macho wakasikiliza flasha tatu, moja baada ya nyingine, wakakisia iliyo na taa pungufu. Walifurahi. Kisha mkufunzi, akitaka kumpa heshima, akavuta mbele ubao mpya wa mafunzo ambao chuo kilikuwa kimetengeneza, wenye taa nne za indiketa na waya za rangi zote zinazoning'inia.

"Fundi, tuunganishie ya kulia," alisema. "Anza na ile ya kijani, uiweke na nyekundu ya pale juu."

Fundi alisimama mbele ya ubao. Akainua mkono, akaushusha. Nilikuwa nimeketi nyuma nikamwona akizigusa waya moja moja, kama mtu anayepapasa shuka kutafuta sindano.

"Niletee taa ya kupimia," alisema.

"Haina haja, Fundi. Rangi ziko wazi."

"Niletee tu."

"Lakini ni hiyo ya kijani. Hiyo iko mbele yako."

Mwanafunzi mmoja akacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka mzee anapotafuta miwani aliyoivaa. Wengine wakafuata. Fundi akashika waya moja. Ilikuwa ya kahawia. Darasa likacheka tena, safari hii kwa sauti. Akaiachia, akachukua kofia yake mezani, akawaambia, "Asanteni," na kutoka nje.

Nilimkuta ameshafika barabarani, anangojea gari la Kitengela. Nilisimamisha langu mbele yake. Nilidhani hataingia, lakini alivua viatu, akaingia, akafunga mlango taratibu. Tukapita Isinya. Mimi nilikuwa nimeanza kuunganisha mambo, nyanya na mashati na mafundo ya uzi, na uso ulikuwa unanichoma kwa aibu.

"Zile mbili kwangu ni moja," alisema hatimaye, akitazama nje. "Kijani na nyekundu. Na hiyo nyingine waliyocheka, hata hiyo."

Alinisimulia kwamba alipokuwa kijana alianza kazi kwenye kampuni moja iliyokuwa ikivuta nyaya za simu, na aliipenda kazi ile. Mwaka wa pili wakaletewa mtu wa kuwapima macho, akiwa na kitabu cha picha za vitone. Kila mmoja alisoma namba zilizofichwa ndani ya vitone. Yeye hakuona namba yoyote. Alifikiri wenzake wanafanya mzaha. Siku hiyohiyo akaambiwa arudishe vifaa.

"Ndipo nikaja kwa magari ya zamani," alisema. "Gari ikimaliza miaka kumi kwa hii vumbi yetu, waya zote zinakuwa rangi moja. Hapo mimi na wale wengine tunakuwa sawa."

"Na leseni ya kuendesha?"

"Ningeenda kupimwa macho tena?"

Nikamwomba msamaha. Alitikisa kichwa. "Hukujua. Lakini usimwambie mtu, Mwalimu. Nani ataleta gari kwa fundi wa waya ambaye haoni rangi?"

Nikamwahidi. Ahadi ile ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, maana chuoni waliniuliza, na mkufunzi mwenyewe alisema mbele ya walimu wenzangu, bila kejeli, kwamba huenda yule mzee anajua vitu vichache tu kwa mazoea na watu wamemkuza. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza. Kwa wiki kadhaa pia sikupita kibandani, kwa sababu sikujua nitamtazamaje.

Kilichonirudisha ni basi la chuo. Lilikuwa basi la zamani, na lilianza kufanya mambo ya ajabu. Dereva akikanyaga breki, indiketa ya kushoto nayo inawaka. Akionyesha kulia, taa za nyuma zote zinafifia na kukonyeza pamoja. Wanafunzi walikuwa wanatakiwa kusafiri nalo kwenda Namanga kwa mafunzo ya wiki nzima, na dereva alikataa kabisa kuliingiza barabarani kati ya matrela. Mkufunzi alifanya kazi siku tatu chini ya basi lile. Alikuwa na mchoro wake, alifuata kila rangi kama ulivyosema, na kila alipomaliza tatizo lilikuwa limebadilika sura tu. Siku ya nne alinijia chumba cha walimu, nguo zimejaa mafuta.

"Yule mzee wako," alisema. "Anaweza kukubali kuliona?"

Dereva alilipeleka Kitengela polepole mchana, mimi nikiwa nimekaa ndani, na mkufunzi akitufuata nyuma kwa gari lake akiwa amewasha taa zote ili watu wasitugonge. Fundi alitoka kibandani, akalitazama basi, akamtazama mkufunzi.

"Zima redio," alimwambia dereva.

Hakuutaka mchoro. Alimwuliza dereva maswali, mengi, hadi ikajulikana kwamba mambo yalianza baada ya basi kuvuka mto uliofurika na kutengenezwa sakafu. Akalala chini na taa yake ya kupimia. Mkufunzi akalala pembeni yake. Miguu yao minne ilichomoza kwa zaidi ya saa moja, na sisi tuliobaki tulisikia tu, "Washa. Zima. Kanyaga. Achia."

"Kata hii tepu," Fundi alisema.

Katikati ya basi, chini ya sakafu, mtu fulani aliunganisha waya zilizokatika kwa vipande vyovyote alivyokuwa navyo. Waya ya kijani ya indiketa iliingia upande mmoja wa tepu na kutokea upande wa pili ikiwa nyekundu. Ya breki iliingia nyekundu ikatoka kijani. Mkufunzi alikuwa amefuata rangi kwa uaminifu, na rangi zilimpeleka kwenye waya ya jirani. Pamoja na hayo, skrubu ya kurudishia moto ilikuwa imeliwa na kutu, ndiyo sababu taa zilififia.

Walipotoka chini ya basi mkufunzi alikaa chini mavumbini, bado ameshika ile tepu.

"Mimi nisingeiona," alisema. "Niliangalia hapo mara mbili. Wewe umejuaje, Fundi?"

Fundi alijipangusa mikono kwa muda mrefu. Akanitazama, nami nikatazama pembeni, kwa sababu sikutaka afikiri namsukuma upande wowote.

"Kwa sababu mimi sioni hizo rangi zako," alisema. "Nyekundu na kijani, kwangu ni kitu kimoja. Kwa hivyo siamini waya mpaka niipime."

Dereva aliacha kutafuna karanga zake. Mkufunzi aliduwaa, na niliona usoni mwake akirudi darasani siku ile, kwenye ule ubao, na kicheko. Akainuka. Alimpa mzee mkono wa kulia huku ule wa kushoto ukishika kiwiko, kama unavyomsalimia baba wa mtu.

"Nilikukosea," alisema.

"Ulinikosea, ndiyo," Fundi alijibu. "Sasa funga hiyo vizuri."

Basi lilikwenda Namanga na kurudi. Mwezi uliofuata mkufunzi alikwenda peke yake kumwomba Fundi arudi chuoni, na Fundi akampa sharti moja. "Nitakuja. Lakini waya zote ziwe nyeusi."

Wakazipaka rangi nyeusi. Kila Alhamisi kwa miaka iliyofuata, nikiwa darasani kwangu naandika milinganyo, nilisikia kutoka karakana ya pili sauti yake ikiuliza, "Umeona nini? Hapana, sijakuuliza unafikiri nini." Alibaki mkali, na wanafunzi walimwogopa na kumgombania. Wateja wa Kitengela nao walisikia habari za macho yake, maana dereva wa basi hakuwa ameahidi mtu yeyote kunyamaza. Wawili watatu walihama. Wengine walileta magari makusudi, wamwone mzee asiyeona rangi akitengeneza waya, na yeye akawafukuza kama hayakuwa na shida.

Kisha magoti yakamlemea, akaacha kuja, akafunga kibanda. Nikasikia amehamia kwa binti yake upande wa Kajiado, anafuga mbuzi. Sikumwona kwa muda.

Nilimkuta mapema mwaka huu, asubuhi, kwenye soko la mifugo Kajiado, nilikokwenda kutafuta mbuzi wa sherehe ya dada yangu. Wanunuzi pale huwapaka mbuzi waliowanunua rangi mgongoni, kila mmoja na yake, ili wasichanganyike. Fundi alikuwa amesimama katikati ya kundi, ameegemea fimbo, shati la kijivu, akizungumza na mfanyabiashara aliyevaa kofia ya Kiislamu ambaye ni wazi hawakuwa wakijuana.

"Niambie, huyu alama yake ni rangi gani?" alikuwa anauliza.

"Mzee, si unaona? Ni nyekundu. Ameshauzwa."

"Sioni. Tangu nizaliwe sijawahi kuona. Na huyu?"

Yule mtu alimtazama kidogo kuhakikisha hachezewi. Kisha akashika mkono wake, akamzungusha katika kundi zima, mbuzi mmoja mmoja. "Nyekundu. Kijani. Huyu hana. Huyu pia hana, huyu mzuri, mshike mgongo." Watu walikuwa wamejaa pande zote, na Fundi akirudia kila rangi kwa sauti yake kubwa bila kuinamisha uso.

Aliponiona alisema, "Takwenya, Mwalimu," nami nikajibu. Tukasimama pamoja wakati mbuzi wake akifungwa kamba. Aliniuliza kama gari la baba bado linatembea. Nikasema linatembea. Halafu akaonyesha kwa fimbo mbuzi mmoja aliyepakwa nyekundu.

"Wewe umeniuliza maswali miaka yote," alisema. "Wacha nami nikuulize. Nyekundu iko namna gani?"

Nikafungua kinywa. Nikasema ni kama moto. Akasema moto anauona, ni wa manjano. Nikasema ni kama damu. Akasema damu kwake ni kama tope la Kitengela mvua ikinyesha. Nikajaribu pilipili, nikajaribu shuka ya mchungaji aliyekuwa akipita mbele yetu, na kila nilichotaja tayari alikuwa na rangi yake, nzuri tu, isiyokuwa ile yangu. Nilisimama katikati ya soko, mwalimu kwa miaka ishirini, nikitafuta neno.

"Sijui," nikasema mwishowe. "Naiona tu. Sijui iko namna gani."

Alicheka mpaka akashika goti. "Basi tuko wawili," alisema, akaipokea kamba ya mbuzi wake, na kuanza kutembea polepole kuelekea barabarani.